Chuma Kilichokataa Kuachilia

Kwenye kibanda cha mboga cha Caroline, hatua chache kutoka lango letu, husemwa mambo matatu juu ya marehemu mume wangu. La kwanza, kwamba mashine yake iliua ng'ombe wa Mzee Parmuat. La pili, kwamba alikiri mwenyewe mbele ya watu, mchana kweupe. La tatu, kwamba aliuawa na waya kama uliomuua ng'ombe huyo, ukamwingia kifuani ukautafuta moyo.

Nilifundisha jiografia shule ya upili mpaka nikastaafu, na nimezoea kusahihisha. La kwanza lina ukweli ndani yake. La pili ni kweli tupu. La tatu ni upuzi, na ndilo linalopendwa kuliko yote. Lakini jina lake, Githongo, ndilo wanalobeba watoto wangu, na sasa kuna mjukuu anayeliandika kwenye jalada la vitabu vyake vya shule. Siwezi kuliacha lipimwe pamoja na sukuma na nyanya. Afadhali watu wajue kwamba alikosea chuma kuliko kuamini kwamba aliroga.

Githongo alikuwa fundi wa mota. Pampu za visima zilipoungua, kuanzia Kitengela hadi Isinya, na nyingine kutoka mashamba ya nyanya ya Loitokitok, zililetwa kwake. Alizifungua, akatoa waya wa shaba uliogeuka mweusi kwa moto, akasuka mwingine upya. Alisomea kazi hiyo chuoni, na cheti chake kilikuwa kwenye fremu sebuleni kwangu, kando ya picha ya harusi. Hakuwa msemaji. Kanisani mahubiri yalipokuwa marefu, vidole vyake vilizungusha uzi kwenye kalamu, mzunguko kando ya mzunguko, bila mmoja kupanda juu ya mwingine. Mchungaji alidhani anaandika.

Tulipojenga hapa, nyasi zilifika mlangoni. Baadaye ardhi ikakatwa vipande. Kila ploti iliyouzwa ilizungushiwa waya, na kila nyumba iliyoanzwa ilimwaga misumari. Nyingine ziliishia kwenye linta, usawa wa juu wa madirisha, wenyewe wakapotea, na mpaka leo zinasimama na madirisha yasiyo na fremu, upepo ukiingia upande huu na kutokea upande ule. Ng'ombe wa Mzee Parmuat waliendelea kulisha kati ya kuta hizo. Ardhi ile ilikuwa ya baba yake kabla ya kuitwa ploti, na ng'ombe hawasomi hati.

Ng'ombe hatafuni anapokula. Huzoa nyasi kwa ulimi na kumeza. Kutafuna ni baadaye, akiwa amepumzika. Msumari ukiwa ndani ya nyasi, nao humezwa. Hutua kwenye kifuko cha mbele cha tumbo, kilicho karibu sana na moyo. Kila tumbo linapojikaza, msumari husogea mbele kidogo.

Wa kwanza kufa niliyemwona kwa macho yangu alisimama ndani ya nyumba moja isiyo na paa, asubuhi ya ukungu. Mgongo wake ulikuwa umepinda, viwiko vya miguu ya mbele amevitanua nje kama mtu anayeogopa kugusa mbavu zake. Hakula wala hakulala. Kila pumzi aliitoa kwa mguno mfupi, na kuta zikaurudisha mguno huo. Kutoka barabarani ungedhani kuna mgonjwa wa kibinadamu ndani. Alisimama hivyo mpaka akaanguka.

Mzee Parmuat alikuja langoni kwetu. Alisalimu kwa lugha yake, "Sopa", mume wangu akaitikia "Epa", kisha mzee akaegemea fimbo yake.

"Fundi," akasema, "hii nyumba zenu zinakula ng'ombe zangu. Wewe uko na akili ya chuma. Niondolee chuma kwa nyasi."

Hivyo ndivyo mashine ilivyoanza. Haikutoka kwa mganga wala kwenye mtandao. Iliombwa na mzee mwenyewe, mbele yangu.

Githongo alinieleza wazo lake mezani, kwa msumari, waya na betri ya tochi. Umeme ukipita kwenye waya, alisema, nguvu ya sumaku huzaliwa kuuzunguka waya huo, lakini ni ndogo mno. Ukiuzungusha waya ule mara nyingi, nguvu ya kila mzunguko hujiunga na ya mwenzake. Ukipitisha kipande cha chuma katikati, chuma hicho hujaa sumaku na nguvu huongezeka maradufu, tena na tena. Nikamwambia basi ni kama chama chetu cha akina mama: mmoja peke yake hana kitu, wakikaa pamoja wananunua tenti.

"Na chuma ndicho mwenyekiti," akasema. "Bila yeye mnapiga kelele tu."

Aliponionyesha, msumari uliozungushiwa waya ulinyanyua pini zangu za nguo. Alipoongeza mizunguko, ulinyanyua nyingi zaidi. Alipounganisha betri mbili, nyingi zaidi tena, ila waya ulipata moto mpaka nikanusa rangi yake ikiungua. Hapo, alisema, ndipo ulipo mpaka. Umeme mwingi huleta nguvu nyingi, lakini pia joto. Waya mwembamba hukupa nafasi ya mizunguko mingi, lakini hubana umeme upite kidogo. Na kuna umbali. Aliinua msumari upana wa kidole tu juu ya pini, na pini zikatulia mezani kama hazijawahi kuitwa.

Alitengeneza mkokoteni wa magurudumu madogo ili bamba la chini, la kunasia misumari, lipite karibu na ardhi. Juu aliweka betri za lori na koili ya waya uliosukwa, kubwa kama ngoma ya kanisa. Kwa kiini cha katikati alitumia kipande cha ekseli ya lori lililoanguka Kona Baridi, chuma kigumu, kizito, cha kujivunia. Kumbukeni ekseli hiyo.

Aliuvuta mwenyewe, asubuhi kabla ya kufungua karakana na jioni jua likiwa bado liko. Watu wanasema mashine ilinguruma. Si kweli. Umeme wa betri haungurumi. Kilichosikika kilikuwa tik, kisha tik tik, kama kucha kwenye glasi. Lakini nitakiri kwamba kulitazama jambo lile hakukuwa kuzuri. Hapakuwa na upepo, na bado nyasi zilitikisika mbele ya mkokoteni. Vumbi lilipasuka, msumari ukatokeza, ukasimama wima kwa ncha yake kama unaosikiliza, halafu ukaruka. Misumari iliyokuwa imelala ardhini miaka mingi, yenye kutu, iliinuka mmoja mmoja mtu yule alipokaribia, ameinama. Waliopita barabarani walisimama, na wengine walirudi walikotoka.

Bamba likijaa, lilionekana kama nungu aliyegeuzwa tumbo juu.

Sasa nafika kwenye kosa, na nalitaja kwa jina. Githongo aligundua kwamba akikata umeme misumari haianguki yote. Ile ekseli iliendelea kuishika. Alijua sababu: chuma kigumu kikishapata sumaku hukataa kuiachilia, na chuma laini huisahau mara umeme unapozimwa. Vitabu vyote husema mashine kama ile itumie chuma laini. Lakini betri zake zilikuwa kuukuu, na kwa tabia yake ya kubana matumizi akaona amepata bahati. Alikuwa akizima umeme ploti ya mwisho ikiisha, akirudi nyumbani na misumari ikining'inia yenyewe, betri ikipumzika.

Njia ya kurudi ilikuwa ile ya ng'ombe, inayoteremka kwenye birika la maji. Ina mawe. Mkokoteni ulirukaruka. Sumaku inayobaki bila umeme ni dhaifu, na kila mtikisiko huipunguza zaidi. Misumari ya ndani ilishika. Ile ya nje ilidondoka mmoja mmoja nyuma yake kwenye nyasi za kando ya njia, pale ambapo kundi zima la Parmuat hupita kila siku likienda kunywa. Hakugeuka kutazama. Nani hugeuka kutazama nyuma ya kazi njema?

Ploti zikawa safi, na ng'ombe wakazidi kufa.

Maneno yakaanza. Wakasema kila anapopita na lile gari lake, ng'ombe anasimama. Na ilikuwa hivyo kweli. Walisimama kando ya njia ya birika, viwiko nje, wakiguna, nyuso zao zimeelekea karakana yetu. Niliwaona. Njia inapinda pale, ndiyo sababu ya kuelekea huko, lakini sikupenda kufungua dirisha la upande ule.

Alipoanguka ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe, kipenzi cha mzee, Parmuat hakuita daktari. Alimwita Odero, mwenye bucha, aje ampasue palepale, kila mtu aone. Ilikuwa saa ya adhuhuri. Jua lilikuwa kichwani, hakuna kivuli, na watu walikuwa wengi kuliko wanaokuja kwenye baraza la chifu. Tulikwenda, mimi na mume wangu, kwa sababu kutokwenda kungekuwa jibu.

Odero alikata kwa utaratibu, akapata kile kifuko, akakipasua. Ndani kulikuwa na misumari na vipande vya waya mgumu wa ua, na waya mmoja ulikuwa umepita ukuta mpaka kwenye moyo. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichowashangaza ni kwamba misumari ile ilikuwa imeshikana. Imejipanga ncha kwa ncha, imefungamana, na Odero alipoisukuma kwa kisu, ikapanda kwenye kisu. Alikitikisa. Haikuanguka. Msumari mmoja ulijizungusha polepole kwenye bapa la kisu, ukiwa bado na damu, ukatulia ukielekeza ncha yake kwa Odero.

Odero ni mtu wa mzaha. Siku hiyo aliweka kisu chini juu ya ngozi, akafuta mikono, akasogea nyuma. Mama mmoja alianza kuomba kwa sauti ya chini. Watu wakafungua duara.

Mimi nilielewa nusu tu. Githongo alielewa yote mara moja, niliona usoni mwake. Msumari wa kawaida uliolala kwenye nyasi haushikani na mwenzake. Msumari mgumu uliokaa kwa muda kwenye sumaku kali huondoka nao umekuwa sumaku. Hiyo iliyokuwa tumboni haikutoka kwa wajenzi moja kwa moja. Ilikuwa imeokotwa kwanza.

Angeweza kunyamaza. Hapakuwa na mtu mwingine pale aliyejua kuisoma dalili ile. Nilimshika mkono wa koti. Aliutoa mkono wangu taratibu, akainama, akaichukua misumari ile kwa kiganja chake.

"Mzee," akamwambia Parmuat, "hizi zilipita kwa mashine yangu. Huyu ng'ombe nimemuua mimi."

Hayo ndiyo maneno. Hakusema zaidi. Ndiyo yanayorudiwa kibandani, na yanarudiwa sawasawa, sina ubishi. Ila wanayarudia wakiwa wameondoa kila kitu kilichoyazunguka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu na hakuna aliyetembea upande wetu wa njia. Nilimuuliza kwa nini hakusema amekosea, kwa nini ilibidi iwe neno lile. Akaniuliza kama ng'ombe yuko hai. Nikasema hapana. Akasema basi.

Baada ya hapo pampu zilizoungua zilipelekwa mjini. Waliokuwa wameacha mota zao kwetu walituma watu wazichukue zikiwa hazijakamilika. Caroline akaanza kuniwekea chenji juu ya meza badala ya mkononi. Kanisani benchi letu likawa pana. Githongo alijaribu kueleza, akachukua msumari na betri, akaonyesha mbele ya watu, na kila alivyozidi kuonyesha ndivyo alivyozidi kuonekana anafanya kile walichomshuku. Nilimwambia aache. Nilimwambia jina letu halitengenezwi kwa kurusha pini hewani.

Aliyekuja ni yule ambaye hatukumtarajia. Mzee Parmuat alisimama mlangoni mwa karakana, safari hii bila salamu, akasema anataka kuona hiyo kitu iliyokula ng'ombe wake. Githongo hakumweleza lolote. Alimpa msumari mpya kutoka dukani aujaribu kwenye pini. Haukuvuta kitu. Akaubandika kwenye ekseli, akawasha umeme, akauacha hapo wakinywa chai, akauondoa, akampa tena. Pini zikaurukia. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa kiini kipya alichokuwa amekipanga kutoka kwenye mashine mbovu ya kuchomelea, vibati vyembamba vya chuma laini vilivyolaliana. Umeme ukiwa umewaka, kilinyanyua nyundo na pini. Umeme ulipozimwa, vyote vikaanguka kwa pamoja, mpaka mzee akarudisha mguu.

Parmuat aliugeuzageuza ule msumari kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo chuma inajifunza kushika," akasema.

"Ile ngumu inajifunza, Mzee. Ile laini inasahau."

"Na wewe ulichukua ile haisahau."

"Nilichukua hiyo."

Mzee aliuweka msumari mfukoni mwa koti lake. "Basi toa ile umeangusha," akasema. "Halafu uniambie ni ng'ombe gani mwingine amebeba."

Mume wangu alipita njia yote ya birika na mashine ya kiini kipya, kwenda na kurudi, umeme ukiwa umewaka mpaka nyumbani, na misumari akaimwaga ndani ya pipa lenye kifuniko. Lakini hilo la pili halikuwa kazi ya mkokoteni. Lilikuwa kazi ya dira yangu, ile ya shaba niliyofundishia kusoma ramani.

Tulikwenda kwenye boma la Parmuat alasiri, kundi likiwa limerudi. Mimi ndiye niliyeishika dira, kwa kuwa nimezoea kuisoma. Niliisogeza karibu na kifua cha kila ng'ombe, nyuma ya kiwiko cha kushoto. Sindano ilikaa kaskazini. Mmoja, kaskazini. Mwingine, kaskazini. Nikafika kwa mtamba mmoja wa rangi ya majivu, mnene, mwenye macho makini, asiye na dalili yoyote. Sindano iliiacha kaskazini. Iligeuka taratibu mpaka ikaelekea mbavu zake, ikabaki hapo ikitikisika. Alipovuta pumzi, ilisogea. Alipoitoa, ilirudi. Nimewafundisha watoto wengi kwamba sindano ya dira haina akili. Siku ile nilitamani kuitupa.

Daktari wa mifugo aliyetoka Kajiado alisema dawa yake ipo: sumaku isiyo na ncha, humezeshwa ng'ombe, inakaa kwenye kifuko kile na kuishika misumari isisafiri. Hakuwa nayo. Githongo alikata kipande cha ekseli ileile, akakisugua kwa tupa mpaka kikawa kama kidole kisicho na ukucha, akakiweka ndani ya koili na umeme wote aliokuwa nao. Kwa kazi hiyo alihitaji chuma kisichosahau. Daktari alikikagua, akakubali, akammezesha mtamba.

Yu hai. Amezaa. Hupita mbele ya lango letu akienda kunywa, na sipendi anavyosimama na kutazama ndani.

Kuhusu kifo. Githongo alikuwa na presha miaka mingi, na hospitali waliniambia moyo wake ulikuwa umetanuka kwa sababu hiyo. Mtu mwenye moyo kama huo hawezi kulala chali, maji humjaa mapafuni. Kwa hivyo mwishoni alisimama. Alisimama sebuleni ameegemea meza, mgongo umepinda, viwiko ameviweka nje, na kila pumzi ilikuja na mguno. Waliokuja kumwona walimtazama, wakatazamana, wakaondoka bila kumaliza chai. Nilijua walichokiona. Mimi pia nina macho. Lakini kufanana si sababu, na yeyote aliyepita darasani kwangu anajua hivyo.

Kwenye maziko Mzee Parmuat alisogea mbele ya wote, akatoa ule msumari mfukoni, akautazama, akaurudisha. Kisha akatema mate kiganjani mwake, akalibariki jeneza kwa mkono huo, kama watu wake wanavyowabariki watoto. Kibandani wanasema alikuwa anafunga kitu kisitoke. Alikuwa anasamehe. Aliniambia mwenyewe, na akisema yeye mwenye ng'ombe, wengine wana nini cha kudai?

Matanga yalipoisha, Caroline alikuja na kikapu cha mboga ambacho sikuagiza. Aliketi. Alisifu pazia. Halafu akainama karibu nami.

"Mwalimu," akasema, "si kwa ubaya. Ile siku ya mwisho, ile dira yako, ulimwekea kifuani?"

Nilimrudishia kikapu chake na nikamfungulia mlango.

Dira imo kwenye droo ya meza yangu, na ufunguo ninao mimi. Mashine naweza kuieleza, na nimeieleza. Kosa nimelitaja. Lakini kama niliitoa dira ile siku ile au sikuitoa, na kama sindano ilikaa kaskazini au haikukaa, hilo lilikuwa ndani ya nyumba yangu, na mtu yule alikuwa mume wangu. Sisemi. Asiniulize mtu tena.